Mbwa Aliyefundishwa Kukataa Nyama

Miaka yote niliyopanga kwake sikuwahi kumwona akila ameketi. Alikula amesimama kwenye mlango wa jiko la hoteli yake, sahani mkononi, macho yakitazama geti, na akimaliza aliisuuza sahani yake mwenyewe. Sisi wapangaji tulimwita Mama Ploti. Tulimwita hivyo mbele yake na nyuma yake, kwa sababu hakuna aliyethubutu kumtungia jina la utani.

Ploti yake iko Mtito Andei, upande wa juu wa barabara ya Mombasa. Mbele ni hoteli, ambako madereva wa malori hula ugali na matumbo huku injini zao zikipoa nje. Kando ya hoteli lilikuwa duka langu la agrovet: dawa za mifugo, mbegu, chakula cha kuku na cha mbwa. Nyuma kuna safu mbili za vyumba vya kupanga, zimetazamana, na katikati tangi la maji. Geti ni moja, la chuma. Huku kwetu mtu yeyote anayeuza dawa ya minyoo ya mbuzi huitwa daktari. Yeye pia aliniita daktari, ila alilivuta neno hilo kidogo mwishoni, mpaka ukajua kwamba anakucheka.

Hakuwa mtu wa kelele. Mpangaji akimkosea hakugombana naye. Alimwita fundi, mlango ukang'olewa. Kinyozi mmoja alimlaza ndugu yake chumbani bila kuomba ruhusa. Siku ya pili wakarudi kutoka kazini wakakuta chumba kiko wazi kama zizi, vitu vyote vipo, mlango hakuna. Kinyozi akamfuata hotelini. Mlango wake ulikuwa umeegemezwa ukutani nyuma ya kaunta. Mama Ploti akamwekea kikombe cha chai.

"Kunywa kwanza," akamwambia. "Ukimaliza utaniambia mnahama saa ngapi."

Yule mwanamume alikunywa chai yote akiutazama mlango wake, akasema asante, akaenda kufunga virago.

Na ni mama huyo huyo ambaye wakati wa kiangazi alifungua mfereji wa tangi lake kwa mtu yeyote aliyepita. Wafanyabiashara wa ng'ombe kutoka kaskazini, waliosimamisha malori yao hapo wakielekea Mombasa, walijua kwamba kwake watapata maji ya kunywa, ya kutawadha na ya kunyweshea mifugo, na hakuna atakayewauliza kitu. Wengine walimwombea dua wakiondoka. Yeye aliwaangalia tu kama watu wanaochelewesha foleni.

Siku moja lori lililobeba mafuta ya kupikia lilipinduka hatua chache kutoka getini. Nusu ya mji ilikimbia na madumu. Yeye alikimbia na blanketi. Aliketi kwenye lami, akampakata dereva asiyemjua, akamsemesha pole pole kwa Kikuyu, damu ikilowesha gauni lake, mpaka yule mtu akakata roho. Kisha akasimama, akaingia kwenye ploti yake chumba kwa chumba, akatoa kila dumu la mafuta lililokuwa limeokotwa, akaanza kuyamwaga kwenye mtaro. Kulikuwa na mjane mmoja mwenye watoto wadogo, akapiga magoti.

"Mama, jana watoto wangu wamelala bila kitu."

Mama Ploti aliacha dumu la yule mjane hadi mwisho. Alilimwaga taratibu, akilishika kwa mikono miwili, ili mwenyewe alione likiisha.

Kuhusu mume wake nilisimuliwa tu, maana alikuwa ameshafariki nilipofika. Walisema alikuwa mlevi wa kutupwa. Mama Ploti alimfungia kwenye stoo ya nyuma ya hoteli, akawa anampitishia maji na uji kwenye kidirisha. Watu walimsikia mzee akitukana, kisha akilia, kisha akiimba nyimbo za shule. Alipofunguliwa hakurudia pombe tena hadi kufa kwake. Hakuzungumza na mke wake tena pia. Kila siku alivuka barabara akala kwenye hoteli ya mshindani, kwenye meza iliyotazama hoteli yake mwenyewe. Mtu akimtajia Mama Ploti habari hiyo, alijibu kwa maneno mawili: "Si aliacha?"

Nayasema haya ili nieleweke ninapofika kwenye mbwa.

Alikuwa na mbwa mzee, mkubwa, mpole kupita kiasi, aliyekuwa akitikisa mkia kwa kila dereva. Asubuhi moja tukamkuta amelala kando ya tangi, povu mdomoni, amekauka. Wezi walikuwa wamebeba mitungi ya gesi na televisheni ya hoteli. Mama Ploti hakulia. Alichuchumaa, akamfungua mbwa mdomo kwa vidole, akatoa kipande kilichokuwa kimekwama kwenye meno, akakinusa. Kisha akakiweka kwenye karatasi, akaja nacho dukani kwangu, akakitua kwenye kaunta.

"Nyama ya mbuzi," akasema. "Tena ya mguu. Walimchagulia nyama nzuri."

"Pole sana, Mama."

"Nitafutie mtoto wa mbwa, dume. Nataka ambaye bado hajajua nyama."

Wakati huo nilikuwa na wateja Ikutha, watu wa mbuzi, niliowapelekea dawa. Mama mmoja wa huko alikuwa na mbwa aliyezaa chini ya ghala lake. Alinichagulia dume la rangi ya kahawia lenye mguu mmoja mweupe, lililokuwa limeacha kunyonya siku si nyingi. Akanifungia pia chupa ya maziwa ya mbuzi na unga wa mtama kwenye karatasi ya nailoni.

"Huyu anakula uji wa mtama na maziwa," akaniambia. "Mwenyewe asimbadilishie chakula ghafla. Tumbo lake bado ni la mama yake."

Nilimleta yule mbwa ndani ya katoni. Mama Ploti alimwinua kwa ngozi ya shingo, akamwangalia masikio, meno na tumbo, akamrudisha. Kisha akaingia nyuma ya kaunta yangu, ingawa nyuma ya kaunta yake mwenyewe hakuruhusu mpangaji yeyote aingie, akaanza kuangalia vyakula.

Alifungua mfuko wa chakula cha mbwa wadogo, zile punje kavu. Akatia punje mbili mdomoni, akazitafuna, mimi nikimtazama.

"Hii ni ugali imekauka," akasema. "Mwizi anaweza kuinunua kwako hapa hapa. Utamuuzia?"

"Siwezi kujua nani ni mwizi, Mama."

"Basi hii hapana."

Nilimtajia maini ya kuchemsha. Akakataa, maana hiyo ni nyama. Nikamtajia dagaa wa omena wa kusaga. Akasema omena ina harufu, na kitu chenye harufu kinaweza kurushwa juu ya ukuta. Mabaki ya hoteli hakutaka hata kuyasikia, kwa kuwa ndiyo yaliyomzoesha yule wa kwanza kupenda kila mtu. Alisimama hapo muda mrefu akifikiri, na nikiri kwamba alifikiri vizuri. Hakuwa anatafuta chakula ambacho mbwa angekipenda. Alikuwa anatafuta chakula ambacho hakuna mwizi duniani angefikiria kukibeba.

"Muthokoi," akasema hatimaye. "Mahindi ya kukoboa, yachemshwe bila mafuta, bila chumvi, bila kitu. Nani ataleta muthokoi kuiba televisheni?"

"Ni sawa akikua, ukimwongezea maharagwe na omena kidogo. Lakini sasa ni mdogo. Mchanganyie. Leo uji mwingi wa kwao na muthokoi kijiko kimoja, uliopondwa. Kesho kutwa ongeza. Baada ya wiki moja hivi, au zaidi, utakuwa umemhamisha bila tumbo kujua. Akiharisha, unarudi nyuma kidogo."

Hapo ndipo, kwa mara ya kwanza na ya mwisho, aliponiambia kitu juu ya maisha yake.

"Mimi nililetwa hapa nimeolewa, daktari. Nilitoka kwetu kwenye baridi, kwenye viazi, ndizi na maziwa ya ng'ombe. Nikashushwa hapa mchana, kwenye hili joto. Jioni nikapewa pojo na maji ya chumvi. Niliharisha mpaka nikawa natambaa kwenda choo, na mama mkwe ananicheka, anaita majirani waje waone. Nani alinichanganyia?"

Alichukua katoni yake. Ile chupa ya maziwa na unga wa mtama aliviacha kwenye kaunta yangu.

Mbwa alipewa muthokoi mtupu siku hiyo hiyo. Alinusa, akalia, akashinda na njaa, kisha njaa ikamshinda akala. Siku iliyofuata alikuwa anaharisha maji. Baadaye ikawa kamasi na damu. Alilala kwenye kivuli cha tangi, ubavu ukipanda na kushuka, nzi wamemjaa nyuma. Nikamchoma sindano bila kulipwa na bila kuombwa, na mbwa akanichukia kuanzia siku hiyo. Nilimwambia Mama Ploti kwamba mtoto anakauka, apewe maji yenye chumvi na sukari na arudishiwe uji.

"Atazoea ama atakufa," akajibu, akiendelea kuhesabu mikate. "Lolote litakalokuja, mimi nitakuwa nimejua."

Kwenye chumba kilichokuwa karibu na tangi alikaa msichana mmoja kutoka Mukuyuni, Mwende, ameolewa na dereva wa lori la masafa marefu. Mume alikuwa akipotea barabarani hadi mpakani na kurudi, na yeye alibaki peke yake na mimba ya kwanza. Alikuwa na roho nyepesi. Alikuwa anaweza kulia kwa sababu ya kuku aliyefungwa miguu. Alikuja dukani akaniuliza kwa sauti ya chini kama ile chupa ya maziwa bado ipo.

"Yaliharibika," nikamwambia. "Lakini unga upo."

Akauchukua. Mama Ploti akiwa hotelini, Mwende alimpikia yule mbwa uji mwembamba, akampa maji ya mchele, akamlisha kwa kidole kwa sababu hakuweza kuinua kichwa. Baadaye akawa anaweka na punje chache za muthokoi alizoziponda kwa mwiko, kidogo leo, zaidi kesho, kama nilivyokuwa nimemwambia Mama Ploti. Mbwa akasimama. Mama Ploti hakuwa amempa jina, alimwita "wewe." Mwende alimwita Musyoka, jina ambalo Wakamba humpa mtoto aliyerudi. Wapangaji wakacheka kwamba mbwa amepewa jina la watu. Lakini ilikuwa kweli, alikuwa amerudi.

Mama Ploti alijua kwa njia rahisi. Asubuhi moja aliingia getini, naye mbwa akamwangalia tu. Mara Mwende akatoka chumbani na beseni la nguo, na yule mbwa akakimbia hadi akajikwaa kwa miguu yake mwenyewe, mwili wote ukicheza.

Mimi nilikuwa kwenye mlango wa nyuma wa duka. Niliona rangi ya Mwende ikibadilika.

"Wewe msichana. Ndiye unamlisha?"

"Alikuwa anakufa, Mama."

"Sijakuuliza alikuwa anafanya nini."

"Ndiyo, Mama. Nilimpa uji kidogo. Lakini sasa anakula muthokoi wako vizuri, hata unaweza kumwona…"

"Naona." Mama Ploti alimtazama mbwa aliyekuwa akitafuna upindo wa leso ya Mwende. Hakuonekana kukasirika. Alionekana kama mtu aliyepata kifaa alichokuwa amekitafuta. "Ni vizuri. Sasa tutamaliza kazi pamoja."

Jioni hiyo alileta vipande vya nyama ya mbuzi kutoka jikoni. Kila kimoja alikuwa amekipasua katikati na kukijaza pilipili kali iliyosagwa. Alimpa Mwende bakuli.

"Mimi siwezi kumpa hii, kwa sababu mkono wangu nataka auamini. Huyu daktari hatakaribiwa, alimdunga. Wengine, mbwa hawajui. Umebaki wewe tu."

Mwende alirudi nyuma. "Mama, mimi sitaweza."

"Hutaweza?"

"Nisamehe, Mama. Nipe adhabu nyingine. Nitakufulia, nitaosha hoteli. Hii sitaweza."

"Basi kesho fundi atakuja." Sote tulijua fundi huja kufanya nini. Mume wa Mwende alikuwa mbali, simu yake haikushika, na tumbo lilikuwa limeshashuka. Kisha Mama Ploti akasogea karibu naye, akaongea kwa upole ambao sikuwahi kuusikia kwake. "Na usikie, msichana. Yule mwingine alikufa kwa kupenda watu. Ulimwona vile alikauka? Huyu naye, mtu akija na kipande cha nyama na maneno matamu, atakula. Atakufa vile vile. Kama unampenda, mfundishe asikuamini."

Ubaya wa Mama Ploti ulikuwa hapo, kwamba maneno yake mara nyingi yalikuwa na ukweli. Nilisema tu, "Mama, kuna njia nyingine za kumfundisha mbwa," naye akajibu bila kugeuka, "Nenda ukafunge duka, daktari."

Mwende alishika kipande cha kwanza. Hakuhitaji hata kumwita. Musyoka alikuja na mkia wake wote, akaketi mbele yake kama alivyozoea, akakipokea kwa adabu, akatafuna mara moja. Sauti aliyoitoa iliwatoa watu vyumbani. Alijiviringisha, akasugua mdomo kwenye changarawe, akakimbilia maji, na maji yakazidisha moto. Alipochoka alirudi akitambaa, machozi yakimtoka. Alirudi kwa Mwende. Alikuwa ameumia, na akiumia ni kwake alikozoea kukimbilia. Akaweka kidevu kwenye mguu wake.

"Tena," akasema Mama Ploti.

"Mama, tafadhali."

"Bado hajaelewa. Tena."

Ilifanyika jioni hiyo na jioni zilizofuata. Kilichokuwa kigumu kutazama ni jinsi mbwa alivyochelewa kuelewa. Kila mara alidhani kile cha jana kilikuwa ajali. Alisita zaidi, alikuja kwa upande, masikio chini, lakini alikuja. Mwende alilia kimya kimya huku mkono umenyooshwa, na Mama Ploti alisimama kando amefunga mikono, kama mwalimu anayesimamia mtihani. Mpaka jioni moja Mwende akanyoosha mkono na Musyoka hakusogea. Alibaki mbali, manyoya ya mgongoni yamesimama, akanguruma. Mama Ploti akaingia jikoni, akatoka na muthokoi kwenye kiganja chake, akachuchumaa. Mbwa akampita Mwende kwa mbali, akaenda akala kwenye kile kiganja.

"Sasa ni mbwa," akasema.

Alikua mkubwa, kifua kipana, kimya. Hakubweka ovyo. Alikula mara moja kwa siku, muthokoi na maharagwe, kutoka kwa mkono mmoja tu. Watu wa hoteli walijaribu kumrushia mifupa kwa mchezo. Aliondoka akaketi mbali na mfupa kana kwamba ni nyoka. Mwende alijifungua binti, mume akarudi na kuondoka tena. Musyoka hakuwahi kukanyaga mlango wao. Mwende akitoka kuanika nepi, mbwa aliinuka akahamia upande wa pili wa tangi. Mara moja nilimsikia akimwambia kwa Kikamba, kwa sauti ya kawaida kama anaongea na jirani, kwamba hata yeye hakupenda kufanya vile. Mbwa alimgeuzia mgongo.

Na wezi walikuja. Asubuhi tuliamka tukaambiwa ploti mbili za jirani zimesafishwa na mbwa wao wote wamekufa. Kwetu hakuna kilichoguswa. Mlinzi wa ng'ambo ya barabara alisema Musyoka alibweka mpaka watu wakatoka na tochi. Kando ya ukuta kulikuwa na pande la nyama, halijaguswa. Mama Ploti alituita sote tulione. Kunguru alitua, akadonoa, akaruka kidogo, akaanguka kwenye paa la hoteli. Mama Ploti alimtazama Mwende tu, mpaka Mwende akaangalia chini.

Hivyo kwa karibu miaka miwili alikuwa sahihi, na sote tulilala salama kwa sababu ya usahihi wake.

Sukari ndiyo iliyomwangusha. Alikuwa na kidonda mguuni ambacho alikificha ndani ya soksi, na asubuhi moja alianguka getini akiwa ameshika bakuli la mbwa. Tulimpakia kwenye Probox ya jirani. Alikuwa hajitambui, lakini ufunguo wa chumba chake ulikuwa kwenye kamba shingoni, ndani ya nguo, na ukaenda naye.

Mbwa alikwenda akalala mlangoni mwa chumba hicho. Mpishi wa hoteli alimpikia muthokoi ule ule, kwenye sufuria ile ile, kwenye bakuli lile lile. Hakuunusa. Nikampelekea mimi, akanionyesha meno. Siku zikaenda. Alikuwa akinywa maji, basi. Mbavu zikaanza kuhesabika.

Mwende alijaribu kuliko sisi sote. Alipika uji wa mtama wenye maziwa, ule wa zamani. Akamwacha mtoto wake kwa jirani, akaketi chini mbali na mbwa, akausukuma uji kidogo kidogo kwa kijiti. Alikaa hapo asubuhi nzima, akimwimbia. Musyoka alitetemeka. Nakumbuka ute ukimdondoka mdomoni, kwa hiyo harufu aliisikia, na njaa alikuwa nayo. Lakini kila bakuli liliposogea, alijikunja zaidi kwenye mlango.

"Ananikumbuka," Mwende akaniambia. "Angenisahau, angekula."

Ni yeye aliyefikiria nguo. Kama tungepata sweta ya Mama Ploti, yenye harufu yake, mtu aivae, pengine mbwa angekubali. Chumba kilikuwa kimefungwa. Ndipo nikaenda hospitalini.

Walikuwa wamemkata mguu chini ya goti. Alikuwa amekuwa mdogo kwenye kitanda, lakini macho yalikuwa yale yale. Sweta yake ya kijani ilikuwa imekunjwa miguuni. Nikamsalimia, nikampa pole, nikamwambia habari za hoteli. Kisha nikamwambia kuhusu mbwa.

"Hajala kwa mtu yeyote?"

"Hakuna, Mama."

"Hata nyama hamjamjaribu?"

"Tumejaribu. Hataki."

Akacheka. Sikuwa nimewahi kumsikia akicheka kwa furaha, na wagonjwa wa vitanda vya jirani waligeuka. "Hata nyama," akarudia.

"Naomba hiyo sweta, Mama. Mtu ataivaa ampe chakula, mpaka utakaporudi."

Kicheko kikaisha. Alifikiri kama alivyofikiri siku ile dukani, pole pole, kitu kwa kitu.

"Hapana," akasema.

"Kwa nini, Mama?"

"Ukivaa sweta yangu akala, atakuwa amejifunza kwamba anayevaa sweta yangu ni mimi. Nguo huanikwa nje, daktari. Nguo huibiwa."

"Atakufa."

"Kila mtu aliye hapa ndani anakufa."

"Anakungojea mlangoni, Mama. Hatoki hapo."

Alivuta ile sweta kutoka miguuni, akaiweka chini ya mto, akalaza kichwa juu yake. "Basi angoje," akasema, akafumba macho. Nesi alikuja akaniambia muda wa kuona wagonjwa umekwisha.

Musyoka alikufa wiki hiyo hiyo, amelala ameelekeza pua kwenye ufa wa chini ya mlango. Mimi na Mwende tulimzika nyuma ya vyoo, mahali palipokuwa na udongo laini. Uji wake ulikuwa bado umebaki pale kwenye bakuli, umeota utando.

Mama Ploti alirudi baadaye, kwa mikongojo, jirani akimshika kiuno. Wapangaji walitoka vyumbani kumkaribisha, kwa sababu ndivyo inavyofanywa, na wengine kwa sababu walitaka kuuona mguu. Alisimama mbele ya mlango wake, akatazama chini pale mahali palipokuwa na alama, sakafu ikiwa imechakaa kwa mwili wa mbwa. Alinigeukia.

"Alikula?"

"Hapana, Mama."

"Mpaka mwisho?"

"Mpaka mwisho."

Akatikisa kichwa kwa kukubali. Akamtafuta Mwende kwa macho, akamwona amesimama nyuma ya wengine na binti yake kiunoni. "Na wewe? Ulijaribu?"

"Nilijaribu, Mama," Mwende akasema. "Kila siku."

"Akakataa."

"Akakataa."

Uso wa Mama Ploti ulilegea. Ulikuwa uso wa mtu anayetaka kutoa kitu kizuri na hajazoea kutoa. Aliuachilia mkongojo mmoja ukaegemea mlango, akaunyoosha mkono, akamshika Mwende bega mbele yetu sote.

"Wewe ndiye ulimfundisha," akamwambia. "Ulifanya kazi nzuri sana, msichana wangu."

Alimaanisha. Sijawahi kumsikia akimsifu mtu mwingine yeyote. Mtoto alikuwa anavuta kamba ya ufunguo iliyoning'inia shingoni mwa Mama Ploti, naye akamwacha avute.

Mwende alimhamishia binti yake kiuno cha pili.

"Asante, Mama," akasema.